Nilivyotafiti wakimbizi bila kuhama Mombasa

Wenzangu wengi walioingia taaluma hii ya uhamaji wa kulazimishwa walikimbilia kambi kubwa za Dadaab na Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Mimi nilibaki Mombasa, na kuna mkuu mmoja aliyeniuliza waziwazi wakimbizi wangu wako wapi.

Wako mitaani. Vita vya Somalia vilipopamba moto 1991, watu walishuka pwani kwa majahazi, wakawekwa Utange na, kule Malindi, Marafa. Kabla muongo haujaisha serikali ikazifunga kambi za pwani. Wengi wakapelekwa Dadaab na Kakuma. Wengine hawakwenda, na hao ndio niliowataka.

Kuwapata si kazi. Kazi ni waseme. Mkimbizi anayetakiwa awe kambini hawezi kutia sahihi fomu ya mtafiti, hata ukimwapia. Nikaiandikia kamati ya maadili ya chuo iniruhusu kupokea ridhaa ya mdomo. Walisumbua, mwisho wakakubali. Majina sikuandika, kinasa sauti sikubeba.

Swali nalo nikaligeuza. Ukimwuliza mtu alivyoingia Kenya, atakupa jibu alilowapa maafisa miaka yote, limenyooka kama rula. Mimi niliuliza: kambi ilipofungwa, mlifanyaje?

Bibi mmoja wa Kibarawa, asili yake mji wa Barawa kule Somalia, muuza vitumbua, alinihoji yeye kwanza.

"Ukishaandika, mwanangu, wampa nani?"

"Wanafunzi wangu, bibi. Na mawakili."

"Na serikali?"

"Itasoma, lakini haitajua ni wewe."

"Haya, keti."

Akanieleza walivyojigawa: mume akaenda Kakuma kuilinda kadi ya chakula, yeye na watoto wakabaki kwa jamaa Mji wa Kale. Baadaye nikasikia hayo hayo nyumba baada ya nyumba. Sera inahesabu mkimbizi wa kambini na wa mjini kama watu wawili, kumbe ni familia moja iliyojipanga. Hoja hiyo ndiyo imenilisha hadi leo.

Ilinifaa pia nilipofundisha hukumu ya Julai 2013, Mahakama Kuu ilipofuta agizo la serikali la kuwarudisha wakimbizi wa mijini kambini. Mwaka uliofuata agizo likatolewa upya. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imelegeza mambo upande wa kazi na biashara, naisifu kwa hilo, ila bado inataja maeneo yaliyotengwa wakimbizi waishi humo. Bibi yule akaniuliza kama Mombasa ni mojawapo. Nikamwambia la.