Mwaka wa Kuipima Nuru: Kutoka Shajara ya Klabu Yetu ya Optiki

Mwaka wa masomo umekwisha, na kabla sijamkabidhi katibu mpya daftari la klabu nimeona ni wajibu wangu kuandika yale tuliyoyafanya, kwa sababu kumbukumbu za mikutano hutaja waliohudhuria na yaliyoamuliwa, lakini hazisemi kilichojifunzwa. Klabu yetu ya optiki, yaani elimu ya nuru, ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo kikuu kimoja cha pwani ya Kenya. Wengi tunasoma fizikia au uhandisi wa umeme, na wachache wanasomea ualimu wa sayansi. Mwanzoni mwa mwaka tuliwekeana sharti moja, nalo ndilo lililoupa mwaka mzima sura yake: hatutafanya onyesho lolote la nuru lisiloishia kwenye kipimo. Ni rahisi kuwasha leza katika chumba chenye giza na watu wakashangaa, na mshangao huo siudharau hata kidogo, ila hupoa upesi. Mtu aliyepima kitu kwa mkono wake mwenyewe, akaandika namba pamoja na kiasi cha shaka kilichomo ndani yake, huyo hurudi wiki inayofuata akiwa na swali.

Mbingu zenyewe zilitufungulia mwaka. Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote, nasi wa Afrika Mashariki tulikuwa miongoni mwa walioweza kulifuata tukio hilo tangu kivuli kilipoanza hadi kilipokwisha. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wageni kabisa chuoni, na tuliwakaribisha uwanjani pamoja na darubini ndogo ya idara. Kivuli kizito cha dunia kiligusa ukingo wa mwezi saa 1:27 usiku, mwezi ukazama wote humo saa 2:30, na ukakaa kivulini dakika 82. Mawingu ya kutoka baharini yalipita mara kwa mara, tukawa tunasubiri na kuendelea. Msikiti wa jirani uliadhimisha swala ya kupatwa kwa mwezi; baadhi ya wanachama wetu walikwenda kuswali kisha wakarudi kushika zamu zao kwenye darubini, na nililipenda jambo hilo, kwamba usiku mmoja uliwatosha kwa yote mawili.

Mwezi haukutoweka, bali uligeuka rangi ya shaba. Tuliwaeleza wageni kwamba nuru ya jua inayopita katika angahewa kwenye ukingo wa dunia hupinda kuelekea ndani ya kivuli, na kwamba katika njia hiyo ndefu hewani rangi ya buluu hutawanyika huku nyekundu ikifika. Kipimo chetu kilikuwa cha kale. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Aristarchus wa Samos, mwanaastronomia wa Ugiriki ya kale, alikadiria upana wa kivuli cha dunia kwa kuulinganisha na mwezi wenyewe. Tulipiga picha kwa simu kupitia darubini, tukazichapisha, kisha tukatafuta duara linalokaa vizuri juu ya ukingo wa kivuli. Tulipata kwamba kivuli kilikuwa na upana wa mara 2.6 ya mwezi, na shaka ya 0.2 huku na huku. Hapo inabidi kuongeza moja, kwa kuwa jua si nukta, na kivuli cha dunia kikifika kwenye mwezi kimekwisha kupungua kwa karibu upana wa mwezi mmoja. Kwa hiyo dunia ni kubwa kuliko mwezi kwa mara 3.6 hivi. Thamani inayojulikana ni 3.67. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyechora duara lile ndiye leo mweka hazina wetu.

Baada ya hapo tulihamia katika ukumbi wa mihadhara. Tuliziba madirisha kwa karatasi nyeusi, tukaacha tundu moja tu, na baada ya macho kuzoea giza minazi ya nje ikaonekana ukutani ikiwa imepinduka, majani yakitikisika. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyeandika Kitab al-Manazir (Kitabu cha Optiki) huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alitumia vyumba vya namna hiyo kuthibitisha kwamba miali ya nuru husafiri kwa mstari ulionyooka na kwamba miali ya taa mbalimbali hupitana tunduni bila kuchanganyika. Tulirudia jaribio lake la taa kadhaa, tukizifunika moja baada ya nyingine na kuona doa lipi linazimika. Halafu tukabishana kuhusu ukubwa wa tundu. Tundu kubwa hutoa picha yenye ukungu, na watu wengi hudhani basi kwamba kadiri tundu linavyopungua ndivyo picha inavyonoga. Kumbe likipita kiasi cha udogo, nuru huanza kutanuka kwa sababu ya tabia yake ya mawimbi, na ukungu hurudi. Kwa ukuta ulio mita 4 kutoka tunduni, tundu bora ni la karibu milimita 3, na majaribio yetu yalikubaliana na hesabu hiyo. Siku nyingine tuliielekeza nuru ya jua tunduni kwa kioo, tukapima taswira ya jua kwenye umbali uleule: milimita 37. Ukijua kwamba jua liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu, uwiano mwepesi tu unakupa kipenyo chake, karibu kilomita milioni 1.39. Sijui kipimo kingine kinachotoa kitu kikubwa kiasi hicho kwa rula ya mwanafunzi.

Mihula haikuwa majaribio matupu. Tulikuwa na mikutano, michango na barua za kuomba ukumbi, nami nimeziandika kwenye daftari zinakostahili kukaa. Mtaalamu wa kupima macho alikuja kutufundisha kusoma namba za miwani, na tangu siku hiyo hakuna mwanachama asiyejua kwamba lenzi ya +2.00 hukusanya nuru ya mbali kwenye sentimita 50.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu zaidi ilikuwa ya spektromita (vifaa vya kuitandaza nuru kwa rangi zake) za maboksi ya viatu. Uso wa diski ya CD una njia zilizojipanga kwa nafasi ya mikromita 1.6, na ule wa DVD kwa nafasi ya mikromita 0.74, kwa hiyo kila diski kuukuu iliyotupwa ni kifaa kizuri cha kutenganisha rangi. Hatukutaka kuziamini namba hizo kwa kuambiwa. Tuliipiga diski kwa leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, tukapima pembe ya mwali uliorudi kando: digrii 24 kwa CD, na zaidi ya digrii 60 kwa DVD, kama hesabu inavyotaka. Ndipo tukatengeneza maboksi, upande mmoja ukiwa na ufa mwembamba kati ya nyembe mbili, upande wa pili kipande cha DVD na simu ya kupiga picha. Taa za mirija za bwenini zilituonyesha mistari ya zebaki, wa kijani kwenye nanomita 546 na wa buluu kwenye 436, na kwa mistari hiyo tukaviwekea vifaa vyetu vipimo. Taa za LED hazikuwa na mistari. Zilikuwa na kilima cha buluu karibu na nanomita 450 na mteremko mpana wa manjano unaotokana na unga uliopakwa juu ya chipu. Kisha tukatia chumvi ya mezani kwenye mwako wa spiriti. Mstari wa manjano wa sodiamu ulitokea, tukausoma kwenye nanomita 591, na shaka ya 4. Mahali pake halisi ni 589.

Asubuhi moja tulielekeza boksi kwenye karatasi nyeupe iliyopigwa na jua, maana kulielekeza kwenye jua lenyewe tumelikataza, na katika utepe wa rangi tukaona mistari myeusi myembamba, mmoja wao ukikaa palepale palipokuwa na manjano ya chumvi. Ni mistari ambayo Joseph von Fraunhofer aliichunguza mwaka 1814 na kuipa herufi. Jua lina sodiamu, nasi tulilijua hilo kwa boksi la viatu. Nimesoma jambo hilo vitabuni tangu shule ya upili, lakini kuliona kwa kifaa nilichokikata mwenyewe kulinifanya nikae kimya, na hadi leo nikipita chini ya taa yoyote nataka kujua mistari yake.

Kwenye shule za upili tulikwenda na jaribio la unywele. Unautega unywele mmoja mbele ya mwali wa leza, na ukutani, badala ya kivuli chembamba, unaona safu ya madoa mekundu yaliyotenganishwa na vipande vya giza. Mfaransa Jacques Babinet alionyesha kwamba kizuizi chembamba hutoa mchoro uleule unaotolewa na ufa wa upana huohuo. Ukuta ukiwa mita 2, na vipande vya giza vikipishana kwa milimita 18, zidisha nanomita 650 kwa mita 2, gawa kwa milimita 18, na jibu ni mikromita 72. Wanafunzi wa kidato cha tatu waligawana rula na kupima nywele zao wenyewe, wengi wakipata kati ya mikromita 50 na 100. Msichana mmoja aliniuliza, “Dada, kama unywele wangu wa utosini na wa kisogoni haulingani, nitaandika upi?” Nilimwambia aandike vipimo vyote viwili na tofauti yake. Mwalimu wake alicheka kwa furaha, maana hilo ndilo swali ambalo vitabu vya mazoezi haviliulizi.

Kuhusu usalama sikubali mjadala. Tunatumia leza nyekundu zisizozidi miliwati 1, mwali hukaa chini ya usawa wa macho, na hakuna mtu anayeshika leza huku akitembea. Kalamu za leza za kijani zinazouzwa mitaani hatuzipeleki shuleni. Nyingi huzalisha kijani cha nanomita 532 kutokana na miali isiyoonekana ya nanomita 808 na 1064, na ile ya bei nafuu ikikosa kichujio, miali hiyo hutoka pamoja na kijani. Jicho halifumbi kwa kitu lisichokiona. Kama kuna klabu nyingine inayosoma haya, nawasihi wazingatie jambo hili kabla ya mengine yote.

Siku ya Kimataifa ya Nuru huadhimishwa tarehe 16 Mei, kwa kuwa tarehe hiyo mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, yenye fuwele ya rubi, kwenye maabara ya Hughes huko Malibu, California. Sisi wa pwani tuna sababu yetu ya kuiheshimu. Mwaka 2009 nyaya za kwanza za faiba (nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba nuru) za chini ya bahari zilifika katika ufuo huu, mojawapo ikiwa TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah kwenye Falme za Kiarabu. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti yalipanda hadi kwenye satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, na ujumbe na jibu lake vilichukua takriban nusu sekunde njiani. Katika maadhimisho tulianza na mchirizi wa maji unaotoka kwenye tundu la chupa na kuibeba nuru ya leza ndani yake hadi sakafuni, kwa sababu mwali unaoikuta ngozi ya maji kutoka ndani kwa pembe inayozidi digrii 49 hauna njia ya kutoka. Kisha tukaonyesha kwa nini kioo cha faiba ni ajabu zaidi ya maji. Katika nuru ya nanomita 1550 kinapoteza desibeli 0.2 tu kwa kila kilomita, maana yake baada ya kilomita 15 nusu ya nuru bado ipo. Hata hivyo baada ya kilomita 100 hubaki asilimia 1, na ndiyo sababu chini ya bahari kuna vikuza nuru vyenye erbiamu vilivyopangwa kila baada ya makumi ya kilomita.

Kipimo cha siku hiyo ndicho ninachojivunia kuliko vyote. Fundi mmoja alitupatia roli ya faiba ya kilomita 2 iliyobaki kwenye kazi yake. Tulituma mapigo mafupi ya nuru, moja kupitia kipande kifupi na jingine kupitia roli nzima, tukalinganisha kuchelewa kwao kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya umeme kadiri muda unavyopita: mikrosekunde 9.8. Gawa umbali kwa muda, nawe una mwendo wa nuru ndani ya kioo, karibu kilomita 204,000 kwa sekunde, theluthi mbili na ushei ya mwendo wake katika ombwe, ambao ni mita 299,792,458 kwa sekunde kamili. Watu waliokuja kutazama rangi walipanga foleni kusoma mizani ya osiloskopu, na mzee mmoja mlinzi wa ukumbi aliomba arudie kusoma mara ya pili ili ahakikishe.

Kwa mwaka ujao kazi imekwisha kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote katika njia inayopita Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, na sisi tulio kusini mwa njia hiyo tutaona sehemu tu ikifunikwa, sehemu inayopungua kadiri mtu anavyoshuka pwani. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, Hipparchus, mwanaastronomia mwingine Mgiriki, alikadiria umbali wa mwezi kutokana na kupatwa kwa jua kulikokuwa kamili Hellespont (mlango-bahari ulio Uturuki ya leo) lakini kukaacha sehemu moja kati ya tano ya jua ikionekana Aleksandria. Tunataka kulifanya jambo hilohilo kwa makaratasi yenye matundu, bila mtu yeyote kulikodolea jua macho. Tunahitaji wenzetu wa Lamu, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Mtwara watakaopima kipenyo cha taswira na kina cha sehemu iliyoliwa katika dakika moja iliyokubaliwa. Katibu mpya anaandaa karatasi ya vipimo, na mwenye shule au klabu katika miji hiyo anakaribishwa kuanza mazoezi ya tundu na rula tangu sasa.