Siku ya 39

Saa nane usiku niliamshwa na ile sauti. Kibati cha kwenye mkanda wa shingo ya Kito kinagonga kri kri kri, ujue hapo anajikuna na mguu wa nyuma, halafu kimya kidogo, halafu anaanza kulamba miguu, kulamba kusikoisha. Nilikaa kitandani gizani naomba iwe ndoto tu, maana hiyo sauti nilikuwa sijaisikia kama wiki mbili hivi na moyoni nilishaanza kusema jamani tumepona.

Nikawasha taa. Kito ni mbwa mdogo, kilo 4 na kidogo, mweupe mwili mzima isipokuwa miguu, miguu ilikuwa rangi ya kutu. Mwanzoni kabisa nilidhani ni uchafu nikawa naisugua na sabuni, kumbe ni mate, mbwa mweupe akilamba sana sehemu moja mate yanaacha ile rangi kwenye manyoya. Nilipomgeuza tumboni nikaona kwapa zimeiva nyekundu na sikio la kushoto lina joto, ukiligusa anavuta kichwa. Yale yale yote ya mwanzo.

Nikafungua daftari. Siku ya 39.

Ngoja nieleze hiyo 39 ni ya nini. Kito alianza kujikuna akiwa na mwaka mmoja na nusu, na tulizunguka naye sana. Kwanza viroboto, tukatibu, wapi. Halafu masikio, dawa ya matone, anapona wiki 3 anarudi pale pale. Nikaacha kumpa kuku kwa sababu kila mtu alikuwa ananiambia ni kuku, nikanunua chakula kingine nikabadilisha tena na tena, kila mfuko unaandikwa ni wa ngozi nyeti. Mwisho tukapata daktari mmoja mtulivu sana, akachukua kipande cha selotepu akakibandika katikati ya vidole vya Kito akakibandua akaenda kukiangalia kwenye hadubini, akarudi akasema hapa kuna fangasi wengi, lakini fangasi ni matokeo, ngozi imeshachokozwa na kitu kingine na hicho kitu ndo tukitafute. Nikamuuliza habari ya vipimo vya damu na mate vya aleji ya chakula maana nilikuwa niko tayari kulipia, akasema kwa chakula haviaminiki, mbwa mzima kabisa anaweza kutoka na orodha ndefu ya vitu anavyovikataa. Njia ya kweli ni moja na ni ndefu. Unampa chakula kimoja chenye protini ambayo hajawahi kula maishani, wiki 8 mpaka 12, na hakuna kingine kinachoingia mdomoni.

"Hakuna kingine kabisa," akarudia. "Hata punje."

Sisi tukachagua sungura na viazi vitamu, daktari akatupa na virutubisho vya kuongezea visivyo na ladha. Nilipika, nikapima kwa mizani, nikagandisha kwenye vikopo vidogo vidogo. Kwa mbwa wa kilo 4 kipande cha chizi kama ukucha wa kidole gumba ni kitu kikubwa, hilo nililibeba kichwani kila siku. Sakafu ilifagiwa baada ya kila mlo wa watu. Dawa yake ya meno yenye ladha ilitupwa. Na kila jioni niliandika namba kwenye daftari, 0 mpaka 10, alivyojikuna siku hiyo. Siku ya kwanza 8. Wiki ya 3 tukawa kwenye 6. Wiki ya 5 tukafika 3, nakumbuka niliichora duara ile 3.

Sasa siku ya 39, 7.

Asubuhi nikamfuata mdogo wangu jikoni. Alikuwa anakaa na mimi kipindi hicho na anampenda Kito kupita kiasi, na nilishawahi kumkuta anamdondoshea vipande vya mkate chini ya meza, ilikuwa kabla ya hii kazi yote kuanza lakini mimi sikujali kabla wala baada. Nikamwambia umempa nini. Akasema, "Dada, sijampa kitu." Nikarudia kwa ukali, nikamwambia wiki 5 zangu umezitupa. Alisimama na kikombe mkononi, akasema, "Dada, naapa, hata maji nilikuwa nakuuliza kwanza," akaanza kulia. Na ilikuwa kweli, alikuwa anauliza mpaka maji. Ila saa hiyo nilikuwa na hasira za mtu ambaye hajalala, nikatoka nikamwacha hapo.

Nikarudi kwenye daftari kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Nilikuwa naandika kila kitu, sio namba tu, mvua imenyesha, tumefua mashuka, amecheza kwenye majani, kila kitu. Nikasoma kurudi nyuma mstari kwa mstari. Siku ya 36 nimeandika, "kidonge cha kupe na viroboto, amekula vizuri." Nikapita. Nikarudi tena. Amekula vizuri. Kwa nini mbwa ale kidonge vizuri?

Nikaenda kabatini nikatoa boksi. Kidonge cha kutafuna. Chini kabisa kwa maandishi madogo, ladha ya nyama ya ng'ombe. Nikafungua kurasa za nyuma zaidi nikatafuta kidonge cha mwezi uliopita, siku ya 6. Siku ya 6 Kito alikuwa bado anajikuna mchana na usiku hivo hata kama kilimsumbua nisingeweza kukiona, kilizama kwenye muwasho uliokuwepo tayari. Cha pili ndo kimemkuta ngozi imetulia, kikaonekana.

Nilikaa sakafuni na lile boksi. Hakuna aliyekosea zaidi yangu. Daktari alisema hata punje, na mimi kichwani kwangu chakula ni chakula na dawa ni dawa, nilichunga mpaka makombo ya watu wazima halafu nikamwekea mwenyewe kwa mkono wangu, nikamsifia na kumsifia, mbwa mzuri, umekula vizuri.

Mdogo wangu nilimkuta anaosha bakuli la Kito. Nikamwonyesha boksi nikamwambia nisamehe, ni mimi. Akalisoma, akaligeuza, akasoma tena, akasema, "Sasa dada tunaanza upya, au?" Alivyosema tunaanza nilishindwa kumjibu.

Daktari hakunilaumu, alisema hilo linatokea mara nyingi sana, vidonge vingi vya kutafuna vina ladha ya nyama, hata baadhi ya dawa za minyoo. Akatubadilishia tukapewa ya kudondoshea kwenye ngozi ya shingo. Tukaanza siku ya 1. Kazi ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza kwa kuwa sasa unajua urefu wa njia, ila nayo ikaisha, wiki 8 kamili, na namba ikakaa kwenye 2 au 3 haishuki zaidi.

Halafu ikaja sehemu ambayo wengi wanairuka na mi nilitamani kuiruka kwa kweli, kumrudishia vyakula vya zamani kimoja kimoja ili ujue mkosaji ni nani. Nani anataka kumwasha mbwa wake kwa makusudi? Lakini bila hiyo unabaki na dhana tu. Tulianza na kuku, wiki 2 nzima. Nilikuwa nageuza masikio yake kila asubuhi. Hakuna kitu. Kuku niliyemlaumu mwaka mzima! Tukapumzika mpaka nikaona ametulia kabisa, tukaingia nyama ya ng'ombe, na siku ya 3 jioni sikio la kushoto likawa jekundu, usiku kibati kikaanza kugonga. Nikaitoa saa hiyo hiyo. Ilichukua siku 9 kutulia.

Ile 2 au 3 iliyobaki daktari alisema sio chakula. Mbwa wengi wenye aleji ya chakula wana na ya mazingira pia, utitiri wa vumbi, chavua, ukungu, na ni kama maji kwenye ndoo, chakula kinajaza nusu, vumbi linajaza nusu, ukipunguza moja isimwagike umemsaidia. Kwa hiyo sasa tukitoka nje tukirudi namfuta miguu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, katikati ya vidole, na kukausha vizuri maana unyevu ndo fangasi wanaoupenda. Kitanda chake kinafuliwa kila wiki kwa maji ya moto nyuzi 60, chini ya hapo utitiri haufi wote. Anaoga mara moja kwa wiki na shampuu ya dawa, na hiyo shampuu lazima ikae dakika 10 ndo umsuuze, dakika 10 za kumshika mbwa aliyelowa anatetemeka ni ndefu, mdogo wangu ndo anamwimbia. Msimu wa chavua ukiwa mkali anachomwa sindano ya kuzuia muwasho, kwake inashika kama wiki 6.

Miezi kadhaa baadae nilikuwa nampunguza manyoya ya miguu, mkasi mdogo, mwanga wa dirishani. Nikatenganisha manyoya na vidole viwili kuangalia ngozi kama kawaida yangu. Nchani bado rangi ya kutu, ila chini kote, kuanzia kwenye ngozi kuja juu, meupe. Nikamwita mdogo wangu aje aone. Tulikata ile kutu yote siku hiyo, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, na Kito alishalala kabla hatujafika mguu wa tatu.