Barua ya mwaka 2000

Mwaka 2004 nilikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Mtu wa kompyuta maana yake kila chenye waya ni chako, feni zikiwemo. Intaneti yetu ilitoka kwenye dishi juu ya paa, maana mkongo wa baharini ulikuja kufika 2009, na setilaiti ile tuliilipia dola nyingi kwa kasi ya konokono.

Mwisho wa Januari kikaingia kirusi cha Mydoom. Kilionekana duniani tarehe 26, na kesho yake kilikuwa kwetu. Ujanja wake ulikuwa kujifanya barua pepe iliyoshindwa kufika ikarudishwa kwa aliyeituma. Sasa ofisi yetu barua zilirudi kila siku kwa ubovu wa mtandao, hivyo dada wa mapokezi alipoiona akafungua kiambatisho bila wasiwasi. Simlaumu. Kufika saa nne kompyuta yake ilikuwa inatuma nakala kwa kila anwani iliyoikuta humo ndani, na dishi zima limeelemewa.

"Kijana," Mzee akaniambia, "takataka hizi sitaki kuziona tena."

Nikayachukua maneno yake kama yalivyo. Chujio letu lilikuwa SpamAssassin. Hupima barua kwa kanuni nyingi, kila dalili mbaya ina alama zake, na jumla ikifika 5 barua huhesabiwa taka. Nikashusha 5 ikawa 2.5. Na badala ya kuzitenga kando, nikaamuru zifutwe. Viambatisho vya .exe, .scr na .pif, yaani mafaili ya programu ambamo virusi hujificha, nikavifungia mlango. Wiki nzima masanduku yakawa meupe, nami natembea kifua mbele.

Wiki iliyofuata ikaja simu kutoka Lubumbashi. Mteja wetu alikuwa na makontena mawili bandarini, storeji, yaani gharama ya mzigo kukaa bandarini, inahesabu kila siku, sisi tunasubiri nyaraka zake, yeye anasubiri majibu yetu.

"Ndugu, nilitumaka zote! Mara tatu!"

Mzee akanitazama tu.

Nikaingia kwenye logi za seva, yaani kumbukumbu za kila barua iliyopita. Zilikuwepo, zote tatu. Alama 3.1, 3.1, 3.1. Zimefutwa. Kosa la kwanza: kichwa cha barua chote kwa herufi kubwa. Mtu mwenye makontena yamekwama aandikeje? La pili lilikuwa tarehe. Barua zilidai zimeandikwa Januari 1, 2000. Kile kibetri kinachotunza saa ndani ya kompyuta yake kilikuwa kimekufa, na kila umeme ukikatika mashine ilirudi siku ile ile. Watuma spamu nao hudanganya tarehe, kwa hiyo chujio halina huruma hapo. Mfanyabiashara wa watu, tena tuliyemfahamu miaka, nikawa nimemtupa pamoja na wauza dawa za nguvu za kiume.

Nikamweleza Mzee habari za kibetri. Akauliza kinauzwa bei gani. Nikamtajia. Akachukua kikokotoo, akapiga hesabu ya storeji taratibu, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe.

Siku hiyo hiyo nikarudisha 5, nikafungua folda ya karantini ya kutenga barua zinazoshukiwa, ambayo baadaye niliipitia kila asubuhi na chai, na anwani ya mteja nikaiweka kwenye orodha ya wasioguswa. Nikampigia atume tena. Logi ikaonyesha imepita salama.

Nusu saa baadaye dada wa mapokezi akaniita.

"Kaka, mbona bado haijafika?"

"Imefika, dada. Nimeiona inapita."

Nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Programu yake ilipanga barua kwa tarehe ya kutumwa. Tukashuka, tukapita Januari, tukapita mwaka 2003, tukapita barua za watu walioacha kazi zamani. Chini kabisa, kwa herufi nzito za barua ambayo haijasomwa, ndipo tulipoikuta.