Kwa nini Luteni Jenerali yuko juu ya Meja Jenerali

Jumapili iliyopita, tukiwa kibarazani nyumbani Kirumba, mpwa wangu wa kidato cha pili aliniuliza: "Mjomba, ikiwa Meja anamzidi Luteni, imekuwaje Luteni Jenerali awe juu ya Meja Jenerali?" Nilifurahi sana, kwa kuwa wengi tunavikariri vyeo hivi bila kuvifungua ndani.

Luteni ni neno lililotoka Kifaransa, na maana yake ni mshika nafasi, yaani kaimu. Luteni humkaimu Kapteni, Luteni Kanali humkaimu Kanali, na Luteni Jenerali humkaimu Jenerali mwenyewe. Meja Jenerali naye, katika majeshi ya Ulaya ya zamani, aliitwa Sajini Meja Jenerali, akiwa wa tatu nyuma ya Jenerali na kaimu wake. Baadaye neno "Sajini" likadondoka, likabaki jina linalompotosha kila anayelisoma leo. Nilipomchorea ngazi hiyo nyuma ya daftari lake, alichukua kalamu akaandika "kaimu" kando ya kila Luteni.

Sajini, kwa asili yake ya Kilatini, ni mtumishi. Hata Marshali, cheo kinachotisha kuliko vyote, kilianza kwa Wajerumani wa kale kama jina la mtumishi wa farasi. Aliyewatunza farasi wa mfalme alikaa karibu na mfalme, na ukaribu huo ndio uliompandisha.

Vyeo hupanda hata vinapovuka bahari. Katika jeshi la Waingereza nchini India, jemadari alikuwa wa chini kabisa miongoni mwa maofisa wenyeji, ilhali katika Kiswahili tunamwita jemadari yule anayeongoza jeshi zima. Amiri tulimpata kwa Waarabu, na ni ndugu wa kitenzi chetu "kuamuru".

Lakini neno linalonigusa zaidi ni ombasha. Wajerumani walipoanza kuunda jeshi lao la pwani mwaka 1889, waliajiri Wasudani kutoka Misri, nao wakaja na vyeo vya Kituruki: shaushi, aliye sawa na sajini, na ombasha, aliye sawa na koplo. Ombasha maana yake ni mkuu wa watu kumi. Nadhani hakuna cheo kilicho wazi kuliko hicho, kwa sababu kinakwambia papo hapo mtu huyo anawajibika kwa roho ngapi.

Huku kwetu Usukumani tulikuwa na ntemi, yaani chifu, na chini yake wanangwa waliosimamia vijiji. Ntemi ametokana na kutema, yaani kukata. Wapo wazee wanaosema ni yule aliyetangulia kufyeka pori watu wapate pa kukaa, na wapo wanaosema ni yule anayekata mashauri. Mimi naegemea maelezo ya kwanza, maana shauri halizuki mpaka kwanza watu wawe na ardhi ya kugombea. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini sungusungu walipoibuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, kiongozi wao waliyemchagua wenyewe walimwita ntemi, na waliokuwa chini yake wakaitwa makamanda.