Sabasaba tuliyoila Chennai

Ijumaa ya tarehe 7 Julai 2023 Mama alipewa ruhusa. Daktari kapita asubuhi, kacheki mshono, kasema mnaweza kwenda, mimi huyo nikaanza kukunja khanga na kutia kwenye begi. Tulikuwa Chennai, India, wiki ya tatu hiyo, Mama katolewa uvimbe kichwani, na nyumbani nilishawaahidi wikiendi tuko Dar.

Nikashuka dirisha la wagonjwa wanaotoka nchi za nje kufunga bili. Dada wa pale akanigeuzia skrini: bili imefika dola 8,600, barua ya dhamana ya bima mwisho 7,000. Yaani kule kadi yako ya bima ya Bongo haiwaambii kitu, wanachotaka ni ile barua, kampuni inaandika tutalipa mpaka hapa, ikizidi hospitali inatuma imeli kuomba nyongeza, na mpaka nyongeza ije mgonjwa haondoki. Yetu ilizidi kwa sababu Mama alikaa ICU siku mbili ambazo hazikuwepo kwenye makadirio, presha ilikataa kushuka.

Nikasema hamna shida, napiga Dar sasa hivi. Napiga, kimya. Napiga tena. Ndo nikakumbuka leo Sabasaba! Watu wako viwanjani wanakula mishkaki, na kesho Jumamosi, keshokutwa Jumapili. Ile namba ya dharura ya masaa 24 ikapokelewa na kijana mpole kabisa, "Pole sana dada, ombi lenu nimeliona, ila anayeidhinisha ni daktari wetu, anaingia ofisini Jumatatu." Nikamwambia kaka yangu, mgonjwa keshapona, dharura yenyewe ndo hii sasa. Akanipa pole nyingine.

Na makaratasi tulifuata yote jamani, barua ya daktari bingwa, ripoti ya MRI, makadirio kutoka India, viza ya matibabu ya Mama na ya kwangu ya msindikizaji, karibu mwezi na nusu tunazunguka. Tiketi yangu, malazi na msosi bima haigusi, hilo tulilijua mapema na ukoo ulichanga. Ila kwamba sikukuu ya Dar inaweza kumfunga mtu kitandani India, hilo hakuna aliyenitonya.

Mama mwenyewe wala hana habari. Manesi wanamwita Amma, yeye Kiswahili wao Kitamil, wanaelewana kwa kucheka. Asubuhi akiletewa idli anasema vitumbua vyao vya kuchemsha hivi vimekuja, anavinyunyizia sukari ya chai, nesi anamtolea macho. Mi nalala kwenye kisofa cha msindikizaji, miguu inaning'inia nje, usiku kucha napiga hesabu ya kitanda kwa rupia.

Jumatatu, saa mbili ya Dar ni saa nne na nusu kule, nikaanza kupiga. Imeli ikaja saa nane mchana. Nyongeza imekubaliwa, ICU yote wanalipa, ila usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hawalipi, maana mgonjwa alisharuhusiwa na hakukuwa na sababu ya kitabibu ya kuendelea kulazwa. Niliisoma mara tatu nimesimama palepale dirishani. Nikarudi kwenye grupu la wasap la ukoo, aibu imenijaa, mjomba akawa wa kwanza kutuma, nikalipa.

Napanda juu namkuta Mama kakaa ukingoni mwa kitanda, viatu kavaa tangu asubuhi. Nikamweleza. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, nilivyokuwa sijitambui wamelipa wao, nilivyokuwa nakula vitumbua ndo tunalipa sisi?"

Nikamwambia ndo hivyo Mama. Alicheka mpaka akaushika mshono.