Ushuhuda Nilioumeza

Agosti ya 2006 nilivuka mpaka wa Malaba kwa miguu, begani begi lenye Biblia mbili, shati la ibada na suruali ya kubadilisha. Tulikuwa watu 11 kutoka Bungoma, vijana watupu ukimwondoa kiongozi wetu, na tulikuwa kwenye mfungo. Dawa hatukubeba. Usiku wa kuamkia safari, kiongozi alipitisha karai. Kila aliyekuwa na Panadol au vidonge vya malaria akavitia humo, tukaviombea, tukavimwaga chooni. Tulifundishwa kwamba anayemeza dawa ameigawa imani yake vipande viwili. Nilikuwa na miaka 22 na vyangu nilivimwaga kwa furaha ya kweli.

Kutoka Malaba tulipanda teksi hadi Tororo, kisha nyingine hadi Mbale. Kwetu sisi Wabukusu, Mbale si ugenini. Wamasaba ni ndugu zetu, ukiwasalimu "Mulembe" wanakuitikia, na mwaka huo, kwa kuwa ulikuwa wa namba shufwa, imbalu, tohara ya vijana, ilikuwa imepamba moto. Ngoma za kadodi zilitupokea barabarani, vijana wamepakwa unga usoni, shangazi zao wakicheza nyuma yao. Ningesema tumefika nyumbani, isipokuwa hatukutumwa kwa Wamasaba wa kanisani wala wa imbalu. Tulitumwa Nabugoye, kilima kilicho nje kidogo ya mji, kwa Abayudaya, Waafrika wanaoshika dini ya Kiyahudi.

Tulikuwa tumesikia mengi juu yao. Wengine walisema ni Waislamu waliojificha, kwa sababu wanaume wao huvaa vikofia. Wengine walisema huchinja mbuzi usiku na kunyunyiza damu milangoni. Kiongozi alisema ni watu waliokwama katika Agano la Kale kama gari kwenye matope, na sisi ndio tumetumwa kulisukuma. Tuliamini. Hakuna aliyekuwa amewahi kuketi na mmoja wao.

Tulilala kwenye darasa la shule chini ya kilima, na Alhamisi tukagawanywa wawili wawili kwenda nyumba kwa nyumba. Mimi na dada mmoja wa kwaya tuliangukia boma la bibi mmoja mzee. Nilimwita Kukhu, kama nimwitavyo bibi yangu, akaitikia bila kushangaa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kitale. Marehemu mumewe alifanya kazi mashambani huko zamani, naye akaishi naye miaka kadhaa. Alitukalisha kwenye viti vya mbao chini ya mwembe, akatuletea kahawa ya shambani kwake, nyeusi, kwenye vikombe vya bati. Tulikataa kwa sababu ya mfungo. Alivitazama vile vikombe, akavirudisha jikoni, akaketi.

Nilimsomea Isaya 53. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniendelezea sura ya 54 kwa Kiganda, kwa kichwa, macho yakiwa kwenye kuku zake. Nilipomuuliza kwa nini yeye, Mwafrika, amekuwa Myahudi, alinisimulia kuhusu Semei Kakungulu kama mtu anayemsimulia babu yake.

Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda na Mprotestanti. Aliwashindia Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda akitumaini watamtawaza kuwa mfalme wa nchi hiyo. Hawakumtawaza. Akakosana nao, akajitenga huku Mbale, akajiunga na Wamalaki, wafuasi wa Malaki Musajjakawa, dini iliyobatiza maelfu kwa maelfu na kukataa katakata dawa za hospitali. Lakini Kakungulu alikuwa msomaji wa Biblia. Alipofika kwenye amri ya tohara aliyopewa Ibrahimu, akasema hii nayo tuitii. Wenzake wakamwambia tohara ni ya Wayahudi. "Akawajibu, basi mimi ni Myahudi," Kukhu alisema, akapiga goti lake kofi moja. Mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Alikufa 1928, na watu wake wakabaki na Sabato.

Alinisimulia pia miaka ya Idi Amin, dini yao ilipopigwa marufuku. Wengi wakahamia Uislamu au Ukristo, wakabaki kama watu 300, wakisali kwa siri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jua lilipozama siku hiyohiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukombolewa kutoka Misri, ilipoanza. "Sisi hatukuhitaji mtu kutueleza maana yake," alisema.

Kwenye daftari la huduma niliandika: "Bibi mmoja. Moyo mgumu." Daftari hilo ninalo hadi leo.

Ijumaa tulirudi. Tangu asubuhi mwili ulikuwa ukiniuma kama niliyepigwa rungu, lakini nilidhani ni mfungo. Kukhu alikuwa mbioni, kwa sababu jua likizama hakuna kupika tena. Alikuwa amefunga matoke kwenye majani ya mgomba na kuyapanga ndani ya sufuria kubwa, makaa yamefunikwa jivu ili yashike moto hadi kesho. Alikuwa ameshafagia uwanja, na gauni lake jeupe lilikuwa kwenye kamba likipigwa na upepo. Nikiwa nimesimama hapo baridi ikanishika. Baridi ya namna ile huanzia ndani ya mifupa. Meno yalianza kugongana, nikaketi chini bila kupenda.

Aliniweka kiganja shingoni. "Hii ni malaria. Dawa zako ziko wapi?"

Dada wa kwaya akamweleza kwamba hatutumii dawa. Kukhu hakumjibu yeye, alinijibu mimi. "Baba yangu alikuwa wa Malaki kabla ya kumfuata Kakungulu. Alizika watoto wawili walioweza kupona. Aliniambia mwenyewe, akiwa mzee kama nilivyo mimi sasa, na alilia." Akanitandikia mkeka ndani ya nyumba.

Kiongozi aliitwa, akaja na ndugu wawili. Waliniwekea mikono, wakaomba kwa sauti mpaka watoto wakajaa mlangoni. Nakumbuka uzito wa mikono ile kichwani. Kisha akamwambia Kukhu, kwa upole kabisa, kwamba nimeshapona kwa imani, dalili tu ndizo zilizobaki, na asinipe kitu chochote. Wakashuka kwenda kwenye mkesha, wakamchukua na dada. Sina shaka kwamba yule mtu aliamini alichosema. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jua lilikaribia kuzama. Niliuona mwali wa mshumaa, kisha wa pili, na Kukhu kwenye gauni jeupe amefunika macho kwa viganja, midomo ikitembea. Kutoka juu kilimani, kwenye sinagogi lao, nilisikia zaburi zikiimbwa kwa Kiganda, sauti za wanawake zikipanda juu ya za wanaume, kwa mahadhi ambayo yangekaa vizuri kabisa katika kanisa letu. Yeye hakwenda. Alikaa kwenye kigoda kando ya mkeka wangu, akinibadilishia kitambaa cha maji.

Ya baada ya hapo sikuyashuhudia yote, mengine nilisimuliwa na mjukuu wake. Nilianza kumwita Kukhu kwa jina la mama yangu. Nikatapika, nikajikojolea, kisha nikaacha kuitika. Akamwambia mjukuu akimbie kwa jirani mwenye bodaboda. Kijana, aliyelelewa tangu utotoni kutogusa hata kibiriti siku ya Sabato, akasita mlangoni. Bibi akamwambia, "Roho ya mtu inaipita Sabato. Kimbia!"

Safari hiyo nakumbuka vipande vyake. Tulipanda mishikaki: dereva mbele, mimi katikati, Kukhu nyuma, amenifunga kiunoni kwa leso mpaka kwake, kama mama anavyofunga mtoto, ila mtoto huyu alikuwa na urefu wa futi sita. Taa ya pikipiki ilikuwa ikirukaruka kwenye mawe. Kidevu chake kilikuwa begani kwangu, na kila tuliporuka shimo nilisikia pumzi yake ikikatika. Alikuwa amevaa lile gauni jeupe. Nililitapikia.

Kwenye zahanati mjini nesi aliuliza pesa. Mtu anayeshika Sabato hatoki nyumbani na pesa, na Kukhu hakuwa na hata senti. Mjukuu wake, aliyekuja nyuma kwa baiskeli, aliyasikia maneno aliyosema, akanirudia neno kwa neno: "Andika jina langu. Kesho usiku nyota tatu zikionekana, Sabato ikiisha, huyu ataleta." Nesi alimtazama, akamtazama mtu aliyelala benchi, akaandika. Nikatundikiwa dripu ya kwinini. Masikio yalianza kulia kama nimetiwa nyuki ndani ya kichwa, na ndani ya kelele hiyo nikalala.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha na kigoda cha kando yangu kilikuwa kitupu. Nesi aliniambia kwamba alfajiri, homa iliposhuka na daktari akasema sasa hatari imepita, yule bibi aliaga. Dereva wa boda alikuwa bado anamngojea nje ili amrudishe bure. Alimkatalia. Hatari imepita, alimwambia, kwa hiyo Sabato imerudi. Akaondoka kwa miguu, kuelekea mlimani, gauni lake likiwa na doa langu. Kwa miguu ya uzee ule ni zaidi ya saa moja, na mwisho wake ni kupanda tu.

Ninamfuata Bwana Yesu hadi leo, na ninaandika haya kama mtu wake. Nimeisoma mara nyingi Marko 2:27, "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato." Kabla ya safari ile nilikuwa nikiitumia kama fimbo ya kuwapigia watu wa Sabato. Kila nikiisoma sasa, naona boda ikishuka kilima gizani.

Jumamosi usiku mjukuu alileta shilingi elfu kumi na tano, zikiwa noti ndogondogo za kuuza kahawa. Jumapili mchana niliruhusiwa kutoka, nikiwa na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari na plasta nyuma ya mkono pale sindano ilipokuwa. Wenzangu walinijia. Kiongozi alinikumbatia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hakuuliza habari ya zahanati. Aliniambia tu niutie ule mkono mfukoni.

Saa kumi mkutano wa hadhara ulianza uwanjani chini ya kilima, spika mbili kubwa zikiwa zimeelekezwa Nabugoye. Katikati ya mahubiri akaniita jukwaani. Akawaambia watu kwamba Ijumaa nilikuwa mfu, kwamba watumishi waliniwekea mikono nyumbani kwa watu wasiomjua Masihi, na kwamba Mungu peke yake, bila daktari na bila kidonge, aliniinua. Akanisogezea kipaza sauti. "Ndugu, si kweli?"

Nilikuwa nimesimama kwa shida, mkono mfukoni, vidonge vikiwa mfuko huohuo. Nilivigusa. Uwanja mzima ulikuwa ukinitazama, na dada wa kwaya alikuwa ameinamisha uso.

Nikasema, "Amina."

Neno hilo moja. Watu walishangilia, watu wanane wakaja mbele kuokoka, tukawaandika majina.

Jumatatu kabla ya teksi kuondoka niliomba ruhusa ya nusu saa nikapanda kilima. Kukhu alikuwa anaanika kahawa kwenye turubai, akiipindua kwa kiganja. Nilimpa shilingi zake elfu kumi na tano, nilizokopa kwa wenzangu wawili bila kuwaeleza za nini. Alizipokea, akazihesabu, akazifunga kwenye ncha ya leso. Gauni jeupe lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa, doa limefifia tu.

Nilitaka kumwomba msamaha, nikawa sijui nianzie wapi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Jana nilikusikia," alisema. "Spika zenu zinafika mpaka huku."

Nilitazama chini. Alipindua kahawa upande wa pili, bila haraka, mpaka mwisho wa turubai. Kisha akanyoosha mgongo.

"Vidonge vya leo asubuhi umemeza?"

Sikuwa nimemeza. Darasani tulilala wote pamoja, na niliogopa kuonekana. Aliingia jikoni, akatoka na kikombe cha bati, kilekile nilichokataa Alhamisi, safari hii kina kahawa iliyopoa. Aliniangalia nikifungua ile karatasi. Kwinini ni chungu hata kabla haijafika kooni. Nilimeza cha kwanza, nikameza cha pili, naye hakuondoa macho mpaka nilipofungua mdomo kumwonyesha kwamba vimekwenda.