Geti la milimita 47: namna ninavyomaliza ugomvi wa skeli kwenye faili za plasma

Mchoro ukimfikia fundi wa plasma (mashine ya kompyuta inayokata chuma kwa moto wa umeme) ukiwa na ukubwa wa ajabu, ushauri ni uleule kila karakana: "Zidisha kwa elfu moja, bosi." Masikio yamechoka. Elfu moja ni tofauti ya mita na milimita, na kwenye mageti na grili hakuna anayechora kwa mita. Ugomvi wetu karibu wote ni 25.4, yaani milimita zilizomo kwenye inchi moja.

Chukua paneli ya geti ya 1200 kwa 2100. Ikifunguka kwenye kompyuta ya fundi ikiwa 47.24 kwa 82.68, usizidishe chochote kwanza. Gawa. 1200 kwa 47.24 unapata 25.4, kwa hiyo faili ilitolewa kwa inchi na mashine imezisoma namba zilezile kama milimita. Ikija 30480 kwa 53340, ni kinyume chake. Ikija 24 kwa 42, mtu ametoa mchoro kutoka kwenye layout (ukurasa wa kuchapia) ya 1:50 badala ya model, unapochorwa kwa ukubwa halisi. Na ukikuta imekua mara 645.16, cheka kidogo halafu mpigie fundi: hiyo ni 25.4 mara 25.4, programu imerekebisha na yeye naye amerekebisha juu yake.

Ushauri wa pili unaoniudhi, kwa wanaochora kwa programu ya AutoCAD, ni huu: "Ingia UNITS, badilisha inchi iwe milimita." Nimeufuata, na mstari wa 47.24 umebaki 47.24. Kwenye AutoCAD, amri ya UNITS hubadilisha lebo ya yuniti tu, ile inayotumika mchoro unapoingizwa ndani ya mchoro mwingine. Mistari yenyewe haiguswi. Ukitaka mistari nayo ifuate, andika -DWGUNITS, na alama ya kistari mbele usiisahau. Hiyo itakuuliza kama vitu vilivyomo navyo vipigwe skeli. Au tumia SCALE, weka 25.4, imekwisha.

Lakini hiyo lebo isidharauliwe, maana mara nyingine ndiyo mgonjwa mwenyewe. Mstari unasomeka 1200 sawasawa, ila faili inajitangaza kuwa ni ya inchi, na programu ya fundi kwa utiifu wake inazidisha. Hapo sihitaji hata AutoCAD. Nafungua nakala ya DXF (aina ya faili ya mchoro tunayomtumia fundi) kwa Notepad (iwe DXF ya maandishi, ya binari haisomeki), natafuta $INSUNITS. Chini yake kuna mstari wenye 70, na chini ya hiyo 70 kuna namba moja ya upweke: 1 ni inchi, 2 futi, 4 milimita, 5 sentimita, 6 mita, na 0 maana yake faili imenyamaza. Nafuta 1, naandika 4, naseva. Geti lililokuwa refu kuliko uwanja linarudi kuwa geti. Usiongeze wala kupunguza mstari hata mmoja, kwa sababu DXF husomwa kwa jozi, na jozi ikivurugika faili haifunguki.

Ukikosa kabisa $INSUNITS, mara nyingi faili ni ya toleo la zamani la DXF, kama R12, ambalo halina sehemu ya kutaja yuniti. Karakana nyingi zinalipenda kwa sababu mashine hazilikatai. Kwa hiyo kila mchoro wangu una mraba wa 100 kwa 100 pembeni, kwenye leya yake iitwayo KIPIMO, ambayo fundi anaizima kabla ya kukata. Napima pande zote mbili, siyo upande mmoja, maana mchoro uliotolewa kwenye PDF unaweza kuvutwa kwa upana kuliko urefu.

Mraba huo umeniokoa zaidi kwenye makosa madogo. Kosa la mara 25 analiona hata mlinzi. Maua na majina yaliyochorwa kwenye programu ya Inkscape ya kabla ya toleo 0.92 yalihesabu pikseli 90 kwa inchi, na programu nyingine zinahesabu 96. Mchoro unapungua kuwa 0.9375 ya ukubwa wake. Kwa macho hakuna kitu, lakini tundu la milimita 12 linakuwa 11.25 na bolti ya M12 haiingii. Ukiona mraba unasoma 93.75, zidisha kwa 96, gawa kwa 90.

Na yule anayekuambia uongeze skeli kwa asilimia moja "kufidia moto", mwache na shiti yake, na siku hizi shiti ya milimita mbili siyo bei ya maandazi. Mkato wa plasma unakula kama milimita moja na nusu popote unapopita. Asilimia moja inaongeza 21 kwenye urefu wa 2100 na 0.12 kwenye tundu la 12. Fidia ya moto huwekwa kwenye programu ya kukatia, mchoro ubaki na vipimo halisi.

Jina la faili naliandika hivi: paneli_1200x2100_mm.dxf, na WhatsApp naituma kama dokumenti. Vitu vya 3D natuma kwa faili za aina ya STEP au 3MF, ambazo hubeba yuniti ndani yake. Faili ya STL haibebi, ukiituma andika "milimita" kwenye ujumbe. Halafu nasubiri fundi anitumie picha ya skrini ikionyesha kipimo cha ule mraba. Kabla ya picha hiyo, hela ya kukata haitoki.